Ghala Lisilokuwa na Mtu

Kila Jumanne mwalimu wa lugha aliingia darasani na furushi la magazeti yaliyokosa wanunuzi. Yalikuwa ya wiki iliyopita, yamefungwa kwa kamba ya katani. Vitabu vya ufahamu viliisha mwaka juzi, vingine kwa mchwa, vingine kwa mikono. Mwalimu alizitenganisha kurasa, kila mwanafunzi akapata mmoja, na kazi ilikuwa kutafuta nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Aliyepata michezo alijiona bosi. Aliyepata matangazo ya viwanja alinung'unika mpaka kengele.

Jumanne moja ukurasa wa tatu ulimwangukia msichana ambaye wenzake walimwita Karani kwa ajili ya mwandiko wake mzuri. Mwalimu alimwambia asome kwa sauti. Habari ilisema kwamba ghala la nafaka karibu na reli liliporomoka Alhamisi saa kumi jioni, na kwamba, kwa maelezo ya meneja, hakukuwa na mtu ndani. Kwa hiyo kazi ya kufukua ilisitishwa. Karani alisoma mpaka nukta ya mwisho.

"Mwalimu, baba alikuwa ndani," alisema.

Baba yake alikuwa mpakiaji wa magunia. Alitoka nyumbani Alhamisi asubuhi na hakurudi. Mama alikwenda getini mara tatu, akaambiwa kwamba vibarua wa siku hawaandikwi popote, na asiyeandikwa hawezi kufukuliwa.

Kabla mwalimu hajajibu, mlango ulifunguka na baba akaingia. Alikuwa mweupe kwa vumbi toka utosini hadi kwenye kandambili, na kandambili yenyewe ilikuwa moja. Alipiga hodi baada ya kuingia, akaomba radhi kwa hilo. Alieleza kwamba alikuwa amelala chini ya ukuta akasikia anasomwa. Wanafunzi wa dawati la nyuma walisogea, akakaa. Mwalimu alimwuliza kama anahitaji maji, naye akasema koo limeshazoea. Kipindi kilipokwisha Karani aliukunja ukurasa, na dawati likabaki na vumbi tu. Wa zamu walilifagia pamoja na la chaki.

Tangu hapo baba alikuja kila mara ukurasa ule ulipofunguliwa. Mwalimu alimruhusu Karani auchukue nyumbani Jumamosi moja. Baba alikaa mezani, hakula, akasikiliza habari za bati linalovuja. Mama alimwuliza jambo moja tu, alilala sehemu gani hasa. Alijibu kona ya kushoto, karibu na mizani. Mama hakutaka mengine. Alitaka wamtoe amzike, apate pa kwenda kumsalimia.

Darasa zima lilimwandikia mhariri barua, likataja kona na mizani. Baada ya siku tisa alikuja mwandishi aliyeiandika habari ile, kijana mwenye mkoba uliofungwa kwa waya. Karani alifungua ukurasa. Mwandishi alimwamkia baba, akaitikiwa, akatoa daftari.

"Mzee, siku ile ulikuwa ndani?"

"Bado nimo."

Mwandishi aliandika, kisha akafuta. "Hapo ndipo pagumu, mzee wangu. Nikiandika umekufa, mhariri ataniuliza nimezungumza na nani. Nikiandika u mzima, watasema basi wafukue nini."

"Andika nipo kona ya kushoto. Karibu na mizani."

"Hilo mpaka nipate kauli ya meneja."

Mwanafunzi mmoja wa nyuma aliuliza kama meneja naye aliangukiwa. Darasa lilicheka, na baba akacheka mpaka akakohoa vumbi juu ya daftari la jirani yake. Mwandishi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na habari nne za kupeleka kabla ya jioni, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimpigia meneja simu mara mbili palepale darasani. Haikupokelewa.

Wiki iliyofuata gazeti lilichapa masahihisho, mistari miwili chini ya utabiri wa hali ya hewa: ghala lililoporomoka lilikuwa na milango sita, si mitano. Mwezi haukuisha, kifusi kikasawazishwa kikamwagiwa lami, pakawa maegesho ya malori. Baba alianza kuja akinuka lami. Mwalimu alifungua madirisha na kuendelea na vielezi.

Mwisho wa muhula ulikuja mtihani wa pamoja. Ofisi ya elimu ilikuwa imesikia kwamba kuna shule inafundisha vizuri kwa magazeti, ikapendezwa, ikachukua habari ya ghala kuwa kifungu cha ufahamu kwa shule zote. Swali la nne liliuliza: kwa mujibu wa habari hii, watu wangapi walikuwa ndani ya ghala?

Baba alifika mtihani ukiwa katikati, akihema. Msimamizi, mwalimu kutoka shule nyingine, alimwambia kwa upole kwamba wazazi hawaruhusiwi.

"Mimi ni wa kwenye kifungu," baba alisema. "Tangu asubuhi nimeitwa shule kumi na saba."

Msimamizi aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akageukia dirishani.

Karani alikuwa ameshaandika: Mmoja. Baba, ambaye kwa kukaa darasani muhula mzima alikuwa amejua kusoma kidogo, alilifuata neno hilo kwa kidole, polepole.

"Futa, mwanangu."

"Lakini upo, baba."

"Nipo. Ila anayesahihisha ana karatasi yake ya majibu. Mimi kukaa chini nimeshakaa. Nikikuponza kwenye mtihani, mama yako sijui nitamwambia nini."

Karani alifuta. Aliandika Hakuna, kwa mwandiko wake uleule mzuri. Baba alisimama kidogo akilitazama lile neno kama mtu anayehakikisha gunia limekaa sawa, kisha akaomba ruhusa, kwa kuwa ng'ambo ya reli kulikuwa na shule iliyochelewa kuanza.

Swali la tano lilimtaka mtahiniwa aipe habari hii kichwa kingine kinachofaa. Lilikuwa na alama mbili. Karani alikaa nalo mpaka karatasi zikakusanywa.