Lafudhi ya Mashetani

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kijapani, na katika mtaa mzima wa Bigo, huko Ituri, hapakuwa na mtu aliyeweza kusoma hata herufi yake moja. Serge aliinunua ile diski kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kampala, akaileta kwenye nyumba yake ya michezo, ile ya bati nyuma ya gereji. Samurai akatokea kwenye televisheni na upanga wake mrefu. Mashetani wakamiminika kutoka ardhini. Kisha likafunguka lango la moto, samurai akapita, akajikuta katika miaka iliyokwisha kupita, na mashetani ni wale wale. Vijana walishangilia upanga, lakini hakuna aliyejua nani anamtafuta nani, wala kwa sababu gani.

Aliyewapa hadithi ni Emerance. Alikuwa mshonaji wa miaka ishirini na mitatu, wazazi wake watu wa Butembo. Siku moja aliingia kuleta pazia la kuzuia jua, akasimama kutazama, na mara akaanza kusema.

"Ule muzee anamulilia ndugu yake. Anapita mu lango kusudi arudie siku mashetani balifika, afunge shimo kabla batoke."

"Weye unasomaka Kijapani?" mmoja akamuuliza.

"Apana. Niko naangalia macho yake."

Tangu siku hiyo Serge alishika vidude vya kuchezea, Emerance akashika maikrofoni, na kila Jumatano na Jumamosi alasiri nyumba ile ilifurika.

Vita vya makabila vilikuwa vimekwisha, ndivyo ilivyosemwa redioni. Hata hivyo, vijana wa upande mmoja wa barabara hawakunywa kwenye baa za upande wa pili. Kwenye mabenchi ya Serge tu ndipo walipobanana mabega na kupeana karanga gizani. Emerance aliliona jambo hilo mapema, akaogopa kuliharibu. Alinunua kaye, daftari la mistari, akaandika humo hadithi yote, na juu ya ukurasa wa kwanza akaweka sharti: shetani hana kabila, hana kijiji, hana lugha. Serge alisoma, akacheka, akatia sahihi yake chini.

Ikafika sehemu ambapo mama yake samurai anamzika mwanawe mdogo. Kwenye televisheni midomo ya yule mama ilitikisika kwa muda mrefu, na Emerance akakosa la kusema. Jioni alikwenda kwa jirani yake, Mama Léonie, aliyekimbia kutoka Djugu wakati wa vita. Ndiye aliyemfundisha kukata kitenge. Mwanawe Paul aliuawa karibu na Iga Barrière.

"Mama," Emerance alisema, "siku ulimuzika Paul, ulimuambia nini?"

Mama Léonie aliweka mkasi chini. "Juu ya nini unaniuliza vile?"

"Kuko mama mumoja mu ule mchezo. Anazika mutoto. Sina maneno ya kumupa."

Yule mama aliinuka, akafunga mlango. Halafu akayasema maneno yale, kwa lugha ya kwao, polepole, na Emerance akayaandika kwenye kaye jinsi alivyoyasikia.

"Sijasemea mutu mwingine haya maneno," Mama Léonie alisema. "Nakupa weye. Usiyachezee."

Jumamosi ile Emerance aliyatamka kwenye maikrofoni. Wasiojua lugha ile nao walielewa. Kijana mmoja wa upande wa pili alivua kofia yake, akaishikilia magotini mpaka mwisho.

Mwezi wa nane mama yake Emerance aliugua kule Butembo, Emerance akajiandaa kwenda kumuuguza. Serge alimsindikiza hadi kwenye gari, akambebea mkoba.

"Niachie kaye," alimwambia. "Batu batauliza hadithi. Nitasoma tu vile uliandika, sitaongeza kitu."

Akamwachia.

Alirudi baada ya majuma matatu, Jumatano asubuhi. Kabla hata ya kufungua mizigo alikwenda kwa Mama Léonie, akapiga hodi. Cherehani ikanyamaza ndani. Akapiga hodi tena. Cherehani ikaendelea kushona, na mlango haukufunguliwa.

Barabarani alikutana na Théodore, kijana wa pikipiki, anayesema lugha moja na Mama Léonie. Huyu hakukosa hata siku moja kwenye mchezo. Alisimama, lakini hakuzima injini.

"Dada Emerance, siye tulikukosea nini?"

"Unasema nini, Théodore?"

"Usifanye kama hujue." Akatazama pembeni. "Serge anasema lango linaleta samurai hapa Ituri, mwaka wa vita. Mashetani banatoka mu udongo, banaongea na lafudhi yetu. Kabila hakutaja. Nani hakuelewa? Na samurai akibakata vichwa, banalia. Banalia na maneno ya Mama Léonie."

Emerance akashika usukani wa pikipiki.

"Batu balicheka sana," Théodore akaendelea. "Mama mwenyewe alisikia, sauti ya spika ya inje inafikaka mpaka kwake, akaniambia ni maneno yake. Na Serge alionyesha kaye. Alisema ni weye uliandika. Maandishi ni ya kwako, tuliona."

Alasiri alikwenda kwa Serge. Alimkuta akipanga mabenchi, na Serge akafungua mikono kama mtu anayempokea dada yake.

"Serge, mashetani yako banasemaka luga gani?"

Mikono ikashuka. "Ah, Emerance. Ni mchezo tu. Kuko mutu kule juu ya barabara alianza kuonyesha mupira wa Ulaya mu televizyo, batu bakaanza kunikimbia. Nikatafuta kitu ya kubachekesha. Sasa angalia, banajaa."

"Banajaa ba upande moja. Bengine beko wapi?"

"Batarudia."

"Na juu ya nini ulisema ni mimi?"

Serge alisogeza benchi. "Juu mimi hawangeniamini. Weye banakuamini."

Alisema bila haya, kama mtu anayeeleza kwa nini aliazima ngazi ya jirani. Hapo ndipo Emerance alipoumia kuliko alipomsikia Théodore. Mwaka mzima alikuwa amekaa ubavuni mwa mtu huyu, akifikiri wanalinda kitu kimoja.

Watu walipojaa, Serge alimpa maikrofoni, akiamini yamekwisha. Emerance akasimama mbele ya televisheni.

"Maneno mulikuwa munacheka ni ya mama mumoja wa hapa Bigo. Alisema siku alizika mutoto wake. Alinipa, nikaandika, nikamuachia Serge. Serge alitoa maneno mu kinywa ya mama, akatia mu kinywa ya shetani. Sasa mucheke tena, nisikie."

Yule kijana wa kofia aliinuka, akatoka. Serge alichomoa waya wa maikrofoni, akaanza kucheza, na samurai akaruka na upanga wake bila mtu wa kumsimulia. Emerance alingoja mwingine ainuke. Walimtazama kidogo, kisha wakainama huku na huku ili waone televisheni nyuma yake.

Jioni Emerance alipiga hodi tena, na safari hii Mama Léonie alifungua mlango. Emerance alipiga magoti kizingitini.

"Nimesikia uliongea kule," mama alisema.

"Sikuandika vile, mama. Ni Serge."

"Najua. Lakini maneno nilikupa weye, sikumupa Serge. Kaye, nani alimupa?"

"Ni mimi."

"Ndio vile." Mama Léonie alijishika kifuani. "Zamani, nikitaka kumulilia Paul, nilikuwa na ile maneno. Sasa nikianza, nasikia batu banacheka. Nitamulilia na nini?"

Emerance alibaki pale magotini mpaka mama akaingia ndani.

Juma lililofuata Mama Léonie alihama kwenda kwa dada yake kule Djugu. Théodore alileta lori la mjomba wake. Emerance alibeba godoro, akabeba masufuria, na hakuna aliyemkataza. Mama Léonie aliwaaga majirani mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake, akiwashika mikono. Alipomfikia Emerance alimwambia tu asogee kando, gari linaondoka.