Dakika Arobaini na Saba za Metroni

Kwa miaka kumi na tisa Metroni aliwalea wauguzi wa wodi ya watoto. Kila Alhamisi mchana mmoja wao aliingia chumba cha mashuka, akakaa kwenye stuli, akaeleza yaliyomwelemea kazini. Kazi hiyo hakuwahi kufundishwa. Alikabidhiwa kwa kuwa alikuwa na umri na sauti.

Ndipo akaja mtafiti kutoka chuoni, binti mpole mwenye kinasa sauti. Chama cha wauguzi kilitaka usimamizi wa aina hii, wa kuwasikiliza wauguzi, uwe taaluma yenye kanuni, si kipaji cha mtu, na kwanza kilitaka kujua humo vyumbani hufanyika nini hasa.

"Rekodi tu, mwanangu," Metroni alisema. "Huenda na wewe ukatoka umepona."

Baada ya miezi mitano binti alirudi na matokeo.

"Mama, katika kila saa moja, umezungumza dakika arobaini na saba."

"Si ndiyo kushauri?"

"Naomba usikilize kipande hiki. Muuguzi mwenyewe ameniruhusu."

Ilikuwa sauti ya muuguzi waliyempachika jina Chiriku kwa kupenda soga. "Yule mtoto wa kitanda cha sita..." alianza. Metroni akamdaka juu kwa juu: "Mungu kampumzisha. Sasa sikiliza, mimi mwaka wangu wa kwanza..." Mara sita Chiriku alianza, mara sita akakatwa. Mwisho alisema, "Asante, Metroni." Wiki iliyofuata mazungumzo hayo aliandika barua ya kuacha kazi, na Metroni akawaambia watu kwamba kazi imemshinda.

Metroni alingoja machozi. Hayakuja. Alikuwa kama mtu aliyepigwa ganzi: sindano anaiona, maumivu hana.

"Andika hivyo hivyo," alisema. "Usinipambe."

Binti alipotoka, Metroni alimpigia Chiriku simu.

"Shikamoo, Metroni."

"Marahaba, Chiriku. Yule mtoto wa kitanda cha sita. Ulitaka kuniambia nini?"



"Nilimshika mkono mpaka ukapoa. Halafu nikaenda kula, nikala vizuri tu. Nikajiogopa."

Metroni alifungua mdomo, akaufunga.

"Sikukulaumu," Chiriku alisema. "Nilidhani ndivyo inavyofanywa."

Chiriku hakurudi wodini. Alikuwa ameshapata kazi maktabani.

Utafiti ulisomwa mbele ya chama, ukazaa kanuni: hakuna kusimamia wengine bila mafunzo, wala bila mwenyewe kuwa na msimamizi. Kwa hiyo Metroni, akiwa na miaka hamsini na sita, akakaa darasani na watu wa rika la wanawe. Msimamizi wake alikuwa bwana mfupi asiye na pupa.

"Na wewe, mama, umebeba nini?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Sijui. Sisikii kitu."

Bwana yule hakushauri. Alisogeza kiti kidogo, akangoja. Metroni naye akangoja, mikono mapajani, hadi muda wao ukaisha.

Wiki iliyofuata alikwenda tena.