Kipande cha Sadock

Sadock aliisikia rejeta ikipasuka kabla pikipiki haijamaliza kuanguka. Jiwe lilikuwa upande wa kushoto wa korongo lililoikata barabara, na rejeta ya kushoto ndiyo iliyolipokea. Dumu la maji ya akiba alilokuwa amelifunga nyuma nalo lilichanika. Aliinua pikipiki, akaiwasha, ikakubali, naye akapanda nayo mpaka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba ya Kwemvumo, mvuke ukimchoma magoti. Hapo injini ilizima yenyewe.

Hakupaswa kuiwasha. Lakini zahanati aliyokuwa akiiendea kuchukua mzigo ilikuwa juu kidogo tu, na Leticia, muuguzi mfawidhi, alikuwa amemwambia waziwazi: sampuli za makohozi za siku hiyo zikifika Same kabla maabara haijafungwa, kazi ya kuzisafirisha ni yake. Zisipofika, ataichukua Bahati, mwenye pikipiki mwenzake.

Ukingoni mwa ndiva alikaa Hezroni, mlinzi wa maji, ambaye ndiye pia fundi pekee wa pikipiki upande ule wa mlima. Mwamvita, mwenye duka, alikuwa akichota maji kwa ndoo.

"Imechemsha, shemeji," alisema Hezroni. Sadock alizaliwa Bendera, huko tambarare, akaoa Kwemvumo, kwa hiyo kitongoji kizima kilimwita shemeji.

"Imechemsha. Niazime koleo na gundi ya chuma."

Hezroni alimpa. Vifaa vilikuwa vyake mwenyewe, na kikao cha kitongoji hakikuvitaja.

Kikao kilitaja maji. Katika msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, kila kaya ilipimiwa kipande chake, na Sadock hakutokea hata mara moja. Pikipiki za wenzake hupozwa kwa upepo na hukwama kwenye matope. Yake, aliyoipata kwenye mnada wa mradi uliofungwa, hupozwa kwa maji na ilipita popote. Aliwahi kusema dukani kwa Mwamvita, mbele za watu, "Mkiinyoosha barabara yote mimi nitakula wapi?" Watu walicheka. Hezroni hakucheka. Masika hayo, barabara ikiwa haipitiki kwa gari, alimbeba mama yake kwa machela kwenda hospitali, na walipofika kwenye lami alikuwa ameshakufa. Basi kikao kikaamua kwamba Sadock asipewe maji ya ndiva mpaka achimbe kipande chake.

Sadock alifanya kazi vizuri. Alikata ncha ya mpira wa maji uliochanika, akauchomeka upya na kuukaza kwa klipu. Mirija miwili ya rejeta iliyotoboka aliibana kwa koleo, akaisugua kwa msasa, akakanda gundi na kuisiliba. Gundi ilikauka upesi kwa sababu chuma kilikuwa bado cha moto. Kila mkono wake ulipogusa injini, aliuvuta haraka.

"Una mkono wa fundi," alisema Hezroni. "Ungeshika jembe ungetisha."

"Nipe maji, shemeji. Ndoo moja."

"Umeangukia wapi?"

"Unajua nilipoangukia."

"Nataka Mwamvita asikie."

Sadock alifuta mikono kwenye suruali. "Kwenye korongo."

"Korongo la nani? Vipande vya wenzako vyote vimeshapitika."

"Langu," alisema Sadock. "Nitachimba. Wiki ijayo nitachimba, na vijana wawili nitawaleta kutoka Bendera. Leo nipe maji."

"Chimba leo. Ukimaliza, maji haya hapa."

"Nikichimba leo, maabara itafungwa."

"Basi itafungwa."

Mwamvita aliweka ndoo chini. "Hezroni, makohozi yenyewe ni ya watu wetu. Ya mama Justa yamo."

Hezroni aliitazama pikipiki. Joto lilikuwa bado linapanda juu ya injini likiyumbisha hewa. Alifungua kiganja juu ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, bila kuigusa, kama mtu anayeota moto, akakirudisha mfukoni.

"Haya," alisema. "Mpe ndoo yako. Kwa kibali changu."

"Mungu akubariki, shemeji," alisema Sadock.

Kule tambarare alikuwa ameongeza maji katika rejeta mara nyingi njiani, na haikuwahi kumletea shida. Maji yale yalitoka kwenye dumu lililopigwa na jua mchana kutwa. Maji ya ndiva yanatoka msituni na huuma meno. Sadock alifungua mfuniko, akainua ndoo na kuyamimina yote kwa pupa, injini ikiwa kavu na ya moto.

Ilitoa mlio mmoja mfupi, mkavu. Mvuke ukapanda, na chini ya silinda hedi maji yakaanza kutoka kwa mstari mwembamba. Sadock aliufuata mstari huo kwa kidole, akitafuta mpira uliolegea. Haukutoka kwenye mpira wowote. Ulitoka kwenye ufa wa chuma chenyewe.

Mwamvita ndiye aliyeelewa kwanza. "Ulijua?"

"Kila fundi anajua," alisema Hezroni. "Chuma cha moto na maji ya baridi."

"Ukanyamaza?"

"Kikao kilisema asipewe maji. Nimempa. Ushauri hakuomba."

Simu ya Sadock iliita. Leticia alimuuliza yuko wapi, naye akamwambia. Akauliza kama pikipiki inatembea. Sadock aliutazama ule mstari wa maji, akasema hapana. "Basi kaa pembeni," alisema Leticia, "Bahati anashuka."

Bahati alipita na kisanduku cha sampuli mgongoni. Alipiga honi, hakusimama.

"Hedi hii inaungika?" aliuliza Sadock.

"Mtu wa kuunga aluminiamu hapa hayupo. Na spea ya mashine hii hata Moshi hutaipata."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni chuma chakavu. Karabureta nitaichukua mimi, kama unaiuza."

Sadock alikaa kwenye majani yaliyolowa. Mwamvita alichukua ndoo yake, akachota upya, akaondoka bila kuaga. Hezroni alikusanya koleo na msasa, akakagua kama gundi imebaki.

"Kesho nitakuja msaragambo," alisema Sadock.

"Sikukuuliza," alisema Hezroni.