Mama Mkwe Aliyefutwa Pamoja na Bahari

Mhandisi wa rada alikuwa ameifuta bahari nzima, akabaki na kioo cheusi, kisafi, cha kujivunia. Ubaya ni kwamba kilikuwa kisafi mno. Mbele ya meli palitakiwa kuonekana nukta moja ya kijani, na nukta hiyo ilikuwa boti ya shemeji yake.

"Sioni kitu," alisema mkaguzi kutoka makao makuu. Mabaharia walishambandika jina la Ng'oa, kwa sababu kila chombo alichokikagua aliishia kusema king'olewe.

"Subiri kidogo tu, mheshimiwa."

"Nasubiri tangu tumetoka bandarini."

Mhandisi akasogea karibu na kioo. Rada yake ilikuwa ya aina ile ambayo mionzi yake ya redio hutambaa juu ya maji mpaka ng'ambo ya upeo wa macho, lakini bahari haikumpa amani. Kila wimbi lilirudisha mwangwi wake, na kwa kuwa meli nayo inatembea na kuyumba, mwangwi huo ulitapakaa kiooni kama unga uliomwagika. Ndipo akaandika programu ya kuusafisha. Programu yenyewe ilikuwa na akili moja tu: chochote kinachokwenda mwendo wa wimbi ni wimbi, kifutwe. Leo ikishindwa, rada inang'olewa jioni hiyo hiyo, na mwenyewe anarudishwa bohari kugawa betri. Aliwahi kukaa bohari. Hakutaka hata kuisikia.

Ndiyo maana kwa jaribio hili alimchagua shemeji, kaka wa mumewe, dereva wa boti asiyejua maana ya polepole. Mtu kama yule hata asinzie asingeweza kwenda mwendo wa wimbi. Akanyakua redio.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nipo, shemeji. Nakuja kwenu taratibu."

"Taratibu? Nani kakwambia taratibu?"

Redio ikakoroma. Kisha ikaja sauti nyingine, ambayo Mhandisi aliitambua kabla haijamaliza kukohoa.

"Mimi ndiye niliyemwambia."

Mama mkwe! Nahodha, mtu mwenye busara zake, akajifanya anasoma dira.

"Shikamoo, mama," alisema Mhandisi, akainama kabisa mbele ya redio.

"Marahaba. Kila nikikuita nyumbani unasema uko baharini. Nikasema leo nipande boti nijionee kama hiyo bahari ipo kweli."

"Ipo, mama. Ila naomba umruhusu shemeji aongeze mwendo."

"Aongeze ili iweje? Karuka mara moja tu, moyo ukanihamia shingoni. Nimemwambia aende na mawimbi. Yakienda twende, yakitulia tutulie. Sasa hivi tunakwenda nayo sambamba, hata chai haimwagiki."

Mhandisi alishika kichwa. Aende na mawimbi! Bahari yote hiyo, na mwanamke yule ameuchagua mwendo uleule mmoja ambao hakutakiwa kuuchagua. Programu, kama mtoto mtiifu, ilimtazama mama mkwe, ikasema huyu ni wimbi, ikamfuta.

"Kuna nini?" aliuliza Ng'oa.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: waya umelegea. Akaumeza. "Mheshimiwa, nimemfuta mama mkwe wangu."

Kumbe kidole chake kilikuwa kimebana kitufe cha redio. Alipokiachia, redio ililipuka. "Umenifanya nini?"

"Si kwa ubaya, mama!"

Nahodha alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi. Mhandisi hakuwa na nafasi ya kuona haya. Kichwa kilikuwa kinakwenda mbio. Rada husumbuliwa na mawimbi ya bahari ya urefu fulani, kilele hadi kilele, kulingana na masafa yake, yaani kasi ya mtetemo wa mionzi yake. Ukishusha masafa, unahamia kwa mawimbi marefu zaidi, na mawimbi marefu yana haraka kuliko mafupi. Mama mkwe alikuwa ameandamana na mafupi. Basi rada na ikagombane na marefu!

Akashusha masafa. Kioo kizima kikafurika kijani, Ng'oa akaguna. Programu ikafuta, ikafuta, ikafuta. Katikati ikabaki nukta moja, ndogo, kaidi, ikija polepole.

"Nitajuaje kama hilo nalo si wimbi?" alisema Ng'oa.

"Mama, naomba mgeuze boti."

"Niwageuzie watu mgongo? Mimi sikulelewa hivyo."

"Basi msimame."

"Hilo sawa."

Nukta ikasimama. Ng'oa akasogeza kiti, pua karibu iguse kioo. Wimbi halisimami kwa kuombwa, hata yeye alilijua hilo.

"Kwa hiyo mashine yako ni kipofu kwa mtu anayekwenda na mawimbi."

"Kwa masafa mamoja, ndiyo. Kwa masafa mawili yanayopokezana, hapana."

"Na hili umelijua lini?"

"Sasa hivi, mheshimiwa."

Ng'oa aliitazama nukta tena. "Ungeniambia waya umelegea, kama wanavyosema wote, ningeing'oa," alisema. "Ibaki. Na masafa yapokezane."

Mhandisi alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Akaishika redio kwa mikono miwili.

"Mama, rada inabaki!"

"Kwa hiyo nimekuponyea kazi?"

"Umeniponyea, mama. Kabisa."

"Basi Jumapili uje kula na mimi. Na usinitumie salamu kwamba uko baharini. Bahari yenyewe nimeshaiona, wala si kubwa hivyo."

Mhandisi alitafuta udhuru, kwa mazoea tu, akagundua kwamba hautaki.

"Nakuja, mama," alisema.