Kikaushio cha Daktari Bhoke

Mama yake Bhoke, kule Kehancha, aliposikia binti anakwenda Kendu Bay kutafuta nafasi ya utafiti wa baada ya shahada ya udaktari, aliuliza, "Baada ya udaktari kuna nini tena, mwanangu? Mbinguni?"

Kulikuwa na nafasi moja tu, ya miaka miwili, na Bhoke aliitaka kama ng'ombe anavyotaka chumvi.

Mwaka ule wa tisini na sita, masika yaliozesha omena, wale dagaa wa ziwani, hata kabla hawajaanikwa. Wachuuzi wakawamwagia kuku, kuku wakanenepa kuliko wenye kuku. Dakta Obare, mkuu wa kituo cha utafiti, hakuzungusha maneno.

"Shahada unayo, makala umechapisha. Hivyo vimekufungulia mlango tu. Sasa buni kitu, ukijenge, ukijaribu mbele ya watakaokitumia, bila profesa wa kukushika mkono."

Bhoke akajenga kikaushio: kijumba cha mabati, jiko chini, matundu ya hewa juu. Siku ya majaribio, mbele ya Obare na akina mama wachuuzi, mmoja wao, Phelesia, akatoa beseni la omena wabichi. Bhoke akawapanga, akawasha moto, na mkono wake ukaenda wenyewe ukayafunga matundu. Ndivyo alivyolelewa. Kwa baba yake, banda la tumbaku hufungwa kwanza, jani linywe joto mpaka ligeuke njano, ndipo hufunguliwa.

Mlango ulipofunguliwa, ulitoka mvuke na harufu ya mchuzi.

"Uwi! Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ametupikia!" Phelesia akapiga makofi. "Leteni ugali!"

Akina mama wakacheka mpaka leso zikawalegea viunoni. Mcheza kwao hutuzwa, lakini huku hakukuwa kwao. Obare akafunika kalamu yake.

Uso ulimchoma Bhoke, ila miguu haikusogea.

"Daktari, usifunike kalamu. Andika kwamba matundu yalifungwa. Nimekausha samaki kama tumbaku. Samaki hana njano ya kungojewa, anataka hewa tangu mwanzo." Akamgeukia Phelesia. "Mama, nipe beseni lingine."

"Uchemshe tena?"

"Nikichemsha, nitakuoshea masufuria mpaka Krismasi."

"Sawa. Ila Jumamosi utapumzika, sisi ni Wasabato."

Bhoke akayafungua matundu yote, akatoboa mengine chini kwa nyundo na msumari, akaupunguza moto. Mvua ikaanza kupiga mabati. Hakuna aliyeondoka pale kibandani. Labda ni kwa sababu ya mvua.

Jioni Phelesia akachukua omena mmoja, akamvunja: ka! Akamtafuna akiwa amefumba macho. Akachukua wa pili. Wa tatu.

"Nani alikwambia urudie?" Obare akamuuliza Bhoke.

"Hakuna."

"Na beseni la kwanza, utalificha wapi kwenye ripoti?"

"Ukurasa wa kwanza, daktari."

Obare akaifunua tena kalamu. "Jumatatu anza kazi. Sasa nipe hao waliochemka, niwapime pia. Wako wapi?"

Akina mama wakatazama ziwa. Phelesia akajifuta midomo.

"Walikosa chumvi tu," akasema.