Jumapili ya Karatasi Mbichi

Vaimoana alisimama mlangoni kwangu amelikumbatia sanduku kama mtu aliyemtoa mtoto majini, na maji yakimchuruzika mpaka kwenye vidole vya miguu. Kimbunga kilikuwa kimepita usiku. Mnara wa kanisa ulikuwa umelala kifudifudi katika shamba la magimbi, na kengele yake haikulia asubuhi ile.

“Mama Seini,” akasema, “friza yako inafanya kazi?”

“Inafanya.”

“Basi nimekuja kukuomba.”

Vaimoana ndiye aliyekuwa mtunza nyaraka wa chuo chetu. Profesa Fangaloka alipofariki, mjane wake alikipa chuo karatasi zake zote, na binti huyu alikuwa amezipanga miaka miwili, sanduku kwa sanduku. Sasa mabati ya ghala yalikuwa yameng'oka, na mvua ilikuwa imeingia humo kama mwenye nyumba.

“Karatasi mbichi kwa joto hili inaota ukungu kufikia keshokutwa,” akanieleza. “Ikishaota, hakuna wa kuiokoa. Lakini ukiigandisha inasubiri. Hata mwaka inasubiri. Halafu naikausha, ukurasa mmoja mmoja.”

Umeme ulikuwa umekatika kisiwa kizima. Mimi nilikuwa na jenereta na friza ndefu kama jeneza la mtu mnene, zote nilizoachiwa na marehemu mume wangu, aliyekuwa akiuza samaki.

Nikamuuliza kama nyumba yao imepona.

“Kuta zimebaki,” akasema, kisha akarudi palepale. “Yapo masanduku mengine kwenye mkokoteni, Mama.”

Tatizo ni kwamba friza ilikuwa imejaa. Jumatano mjukuu wangu Alisi alikuwa anatimiza mwaka mmoja, na kwetu mwaka wa kwanza wa mtoto ni sherehe kubwa kuliko harusi. Nyama ya kondoo, kuku, samaki jodari wa kutosha ukoo wa pande zote mbili, vyote vilikuwa mle ndani vimelala kwa mpango. Kalo, mke wa mwanangu, alikuwa amehangaikia nyama ile tangu mtoto alipoanza kukaa.

Kalo akatoka jikoni, mtoto kiunoni. Akafunua sanduku, akachomoa kitu kwa ncha za vidole.

“Hili si karatasi la kufungia mkate?”

“Ni lenyewe,” Vaimoana akasema. “Ameandika nyuma yake.”

“Kwa hiyo nyama ya mwanangu ioze, karatasi la mkate lilale kwenye baridi?”

“Mtoto wa mwaka mmoja hakumbuki sherehe, Kalo,” nikasema.

“Hakumbuki yeye, Mama. Shangazi zake watakumbuka mpaka kaburini.”

Alisema kweli. Nikalichukua lile karatasi mkononi mwangu. Wino ulikuwa umeanza kutembea, lakini mwandiko niliujua, umeinama upande mmoja kama migomba kwenye upepo.

Profesa alikuwa jirani yetu. Alisoma ng'ambo mpaka vitabu vikamwishia, akarudi, na kila asubuhi alifagia uwanja wake mwenyewe kabla ya kwenda kufundisha. Jioni alikuja kukaa kwenye ngazi ya jiko langu, enzi za uhai wa mama yangu, akamuuliza majina ya viazi vikuu. Sikuvuka darasa la sita, lakini kila alipoandika jambo alinisomea, akaniuliza, “Seini, nimelisema vizuri?” Na nikimwambia hapana, alifuta. Akikosa karatasi aliandika kwenye chochote: tiketi ya basi, bahasha, karatasi la mkate wetu.

“Kiazi kimoja kina majina manne kwa vijiji vinne,” aliwahi kuniambia. “Akifa bibi wa kijiji kimoja, jina moja linaondoka naye. Mimi nakimbizana na mazishi.”

Mama yangu alishakufa. Majina yake yalikuwa mle, yanadondosha maji kwenye mkeka wangu.

“Kalo,” nikasema, “washa umu.”

Umu ni shimo letu la kupikia kwa mawe ya moto. Jumapili kwetu haifanywi kazi, si kwa desturi tu, kwa sheria; ukianika hata leso, jirani atakuja kuianua ili uone aibu. Lakini umu ya Jumapili haijawahi kuitwa kazi. Kalo alinitazama, akaitazama friza, akamtazama binti wa watu aliyelowa hata nyusi. Akafyonya. Halafu akamweka mtoto chini, akaenda kutafuta kuni kavu.

Tulikuwa katikati ya kutoa na kuingiza, nyama huku, masanduku yaliyofungwa kwa plastiki kule, mchungaji Siaosi alipotokea njiani, amevaa suti na kujifunga kiunoni mkeka wake wa ibada, vazi letu la heshima. Sote tukaganda.

“Jumapili njema,” akasema. “Mnafanya nini?”

Kalo ndiye aliyejibu, sura kavu kabisa.

“Tunapika, mchungaji. Friza ilijaa, tunaipunguza.”

“Na haya masanduku?”

“Hayo ni ya Profesa. Yeye alikuwa na kawaida ya kuchelewa kula.”

Mchungaji aliuma mdomo, kwa kicheko au kwa hasira, sikujua. Aliyatazama masanduku kitambo. Profesa ndiye aliyemfundisha. Kisha akainama, akalikumbatia moja, maji yakaingia kwenye mkeka wake wa ibada, yakaacha doa lililobaki mpaka alipostaafu.

“Hili linawekwa wapi, binti?” akamuuliza Vaimoana.

Mtaa mzima ulikula kwangu siku ile, watu wasio na majiko, wengine wasio na mapaa. Jumatano wageni wa Alisi walikuta mashelisheli yaliyoangushwa na upepo na samaki wa kopo. Shangazi mmoja hakutusalimu hadi Krismasi.

Karatasi zilikaa kwenye friza hadi umeme uliporudi na chuo kikapata paa. Kisha nilimwona Vaimoana kazini. Alitandaza kurasa kwenye kamba na meza, akapitisha karatasi za kunyonya maji katikati yake, akazigeuza kwa mikono miwili kama anayemgeuza mgonjwa. Mitihani ya wanafunzi, ambayo Profesa aliijibu pambizoni kwa maneno mengi kuliko yao. Risiti ya taa. Karatasi la mkate. Sikumwona akiuliza lipi ni kubwa, lipi ni dogo.

Kalo humwambia Alisi mpaka leo kwamba sherehe yake ililiwa na Profesa. Mwaka huu Alisi ameanza chuo, na wiki iliyopita alinichukua twende naye kwenye chumba cha kusomea. Vaimoana, kichwa sasa kimeingia mvi, alituletea sanduku mwenyewe, akarudi mezani pake.

Alisi aliinua kifuniko. Akasita, akainamisha pua karibu na kurasa.

“Bibi,” akanong'ona, “zinanuka samaki.”

“Zinanuka.”

“Ndiyo hii sherehe yangu?”

“Ndiyo hiyo,” nikamwambia. “Fungua taratibu.”