Jani la Daftari la Saba

Gari lilikwisha kuziacha nyumba za mwisho za Njoro, Moshi, na kushika barabara ya Arusha. Daftari lilikuwa mapajani mwa Elinipendo, limefungwa kwa kanga, naye ameliwekea mikono yote miwili kama mtu aliyepakata mayai. Kwa miaka thelathini na moja ya ukutubi amewagombeza wanafunzi, mapadri, na waheshimiwa waliokuja na madereva: daftari la kumbukumbu halitoki nje ya mlango huu. Leo Jumatano, mlinzi hajamaliza hata chai, aliyelitoa ni yeye mwenyewe.

"Mama, ukilibana hivyo litachanika," Navneet alisema.

"Wewe tazama barabara, mwanangu. Tukiingia mtaroni litachanika zaidi."

Navneet alikuwa mtafiti wa mambo ya maktaba, mzaliwa wa Moshi, mjukuu wa Gurpreet aliyekuwa fundi mbao karibu na reli. Yeye ndiye aliyeileta maktabani ile mashine ya akili mnemba, akiandika tasnifu yake juu ya namna inavyobadili kazi ya wakutubi. Watu waliipa jina: Msomaji.

Na tuseme haki, Msomaji alikuwa amewasaidia watu. Zamani mkulima wa Kahe akitaka kujua sheria za maji za enzi ya babu yake, alikaa na Elinipendo kutwa nzima, wanapekua, wanapiga chafya za vumbi, na jioni anaondoka na nusu ya jibu. Msomaji alilitoa kabla chai haijapoa. Elinipendo hakumwonea kijicho. Macho yake yalikuwa yameanza kumtupa mkono, na huyu hapa mwenzake asiyechoka. Alimwandalia kazi kama mtu anayemwandalia mgeni kitanda: wiki sita na brashi mkononi, daftari baada ya daftari, anatoa pini, nzi waliokauka, tiketi za basi, majani. Ukurasa ukishakuwa safi, Navneet anaupiga picha.

Hayo majani ndiyo yaliyowapandisha mlimani leo.

Mwezi wa kwanza alikuja Fabian, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa mfongo mmoja huko juu ya Kwa Sadala. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee kwa mikono. Unashusha maji kutoka mtoni mpaka kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, na kila ukoo una siku yake ya kufungulia. Mwaka huu maji yalipungua. Fabian akataka kupanga zamu upya, tena kwa haki, kwa kufuata maandishi. Msomaji akayapitia madaftari kumi na moja ya mfongo ule, akampa kurasa mbili zilizopangika vizuri. Humo mlikuwa na mstari wa mwaka 1968: ukoo wa Mzee Ndetaulwa, kwa kosa la kuvunja banio la maji, wamenyang'anywa zamu ya Jumatano. Elinipendo aliuhakiki mstari ule neno kwa neno. Ulikuwa sahihi. Akagonga muhuri.

Basi kamati ya mfongo ikasoma karatasi, ikamfungia maji Filemon, mwana wa Ndetaulwa, ambaye tangu ujanani alikuwa akimwagilia kila Jumatano bila mtu kumuuliza.

Juzi Jumatatu Filemon akatelemka mjini. Mzee wa miaka sabini na sita, koti limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile.

"Shikamoo, mzee," Elinipendo alimwamkia.

"Marahaba. Nipe daftari la saba la mfongo wetu."

Alilifungua katikati, akarudi kurasa mbili, akasimama. Akaenda mbele. Akarudi tena.

"Jani liko wapi?"

"Jani gani, mzee?"

"Hapa palikuwa na jani."

"La kazi gani?"

Filemon akatazama dirishani. "Mama, wewe ni Mchagga?"

"Mchagga wa Marangu."

"Basi usiniulize."

Elinipendo akaelewa. Isale. Lile jani refu linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, ambalo mtu akikukosea na kukuletea likiwa na fundo katikati, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha. Na jambo likishamalizwa kwa isale halitajwi tena. Anayelitaja amelifufua. Kwa hiyo wazee wa mwaka ule, walipopatana na Ndetaulwa, hawakuandika kitu. Wangeandikaje? Waliliweka lile jani juu ya mstari wa kosa, wakafunga daftari, ikawa basi. Na ndiyo maana Filemon, alipofungiwa maji mbele ya watu, hakujitetea. Aliwaambia tu, "Kaangalieni daftari," nao wakamwonyesha karatasi yenye muhuri. Wazee walioshuhudia wote wako kaburini.

"Una nini shambani, mzee?" Elinipendo aliuliza.

"Miche ya kahawa. Mia na ishirini. Jumatano nne zimepita." Akasimama, akavaa kofia. "Ya tano haitaivumilia."

Alipoondoka, Elinipendo alimpigia simu Navneet. Wakakaa wawili mbele ya kioo cha kompyuta. Ukurasa wenye mstari ule wa kosa, wa arobaini na moja, ulikuwa mweupe pe, maandishi tu. Wakafungua daftari lenyewe. Kwenye karatasi, juu ya mstari ule, palikuwa na doa la kahawia.

"Mbona kwenye picha halipo?"

Navneet alijikuna shingo. "Niliiwekea mashine isafishe madoa, mama. Ili isome vizuri."

"Basi tumeivisha kitambaa machoni. Mimi nimetoa jani, wewe umetoa doa."

Walimuuliza Msomaji hata hivyo. Akajibu kwa adabu kwamba hakuona popote kumbukumbu ya adhabu ile kufutwa. Na hakusema uongo. Haikuandikwa popote. Majani yenyewe yalikwisha kuchomwa shimoni nyuma ya maktaba, pamoja na pini na nzi.

Walipofika Kwa Sadala, soko lilikuwa limeanza kupangwa. Mikungu ya ndizi ilikuwa chini, na wanawake wakibishana juu ya nafasi. Navneet akakata kona kupanda mlima. Ndani ya kanga, pamoja na daftari, mlikuwa na isale moja mbichi. Elinipendo alikuwa ameikata asubuhi ile kwenye ua wake mwenyewe.

Watu wa mfongo walikuwa banioni, kama kumi hivi, na majembe. Filemon alikaa juu ya jiwe, mbali kidogo. Fabian aliwaona wageni, akapunga ile karatasi aliyoihifadhi kwenye mfuko wa nailoni.

"Karibuni! Jamani, huyu ndiye mwenye muhuri. Na huyu mwenzake ndiye mwenye kompyuta. Leo mtasikia kwa wenyewe."

"Mwalimu, nimekuja kuuchukua muhuri wangu," Elinipendo alisema.

"Kwani maandishi ni ya uongo?"

"Si ya uongo."

"Sasa?"

Akafungua kanga, akafungua daftari, akaonyesha kwa kidole. Fabian akavaa miwani, akainama.

"Doa."

"Ndiyo, doa."

"Mama, hata ganda la ndizi linaacha doa. Mashine imesoma madaftari kumi na moja bila kusinzia, wewe unanipandia mlima na doa?"

"Pombe ya mbege nayo inaacha doa, mwalimu," alidakia Stella, mama mmoja mwenye jembe begani. "Shati lako linatoa ushahidi."

Watu wakacheka, na Fabian naye akacheka, akijitazama kifuani. Elinipendo hakucheka. Alitoa isale, akaipiga fundo katikati kama inavyopigwa, akailaza polepole juu ya ukurasa.

Doa lilikuwa refu, limechongoka huku na huku, na katikati limenenepa kama ngumi. Jani lilikaa juu yake kama mguu kwenye kandambili iliyozoewa. Fundo juu ya fundo.

Kicheko kilikatika. Mwanamume mmoja akavua kofia, na mwingine akamfuata. Fabian, akiwa bado ameinama, alipitisha kidole kandokando ya jani. Alifundisha kusoma na kuandika kwa miaka thelathini, lakini hili alilijua kabla hajajua herufi.

"Kwa nini hakusema?" aliuliza, taratibu.

"Angesemaje?" Stella akajibu. "Ungesema wewe?"

Fabian akainuka. Uso ulikuwa umemshuka. "Lakini muhuri ni wako, mama."

"Ni wangu. Na jani nililitoa mimi kwa brashi yangu, nikidhani takataka. Ndiyo maana sikuja mikono mitupu."

Aliichukua ile isale kutoka ukurasani, akaenda mpaka kwenye jiwe, akapiga goti, akaitoa kwa mikono miwili. Filemon aliitazama. Aliitazama sana, mpaka Navneet akaanza kuogopa. Isale haikataliwi, lakini hakuna aliyesema ipokelewe haraka. Mwishowe mzee akaichukua, akaichomeka kwenye utepe wa kofia.

"Aika," alishukuru kwa Kichagga. "Inuka, mama, kuna tope hapo."

Navneet akasogea. "Mzee, na mimi nimekosa. Ila kwetu hatuna isale."

"Ua wenu una nini?"

"Mawaridi ya bibi."

"Mawaridi yana miiba, mjukuu wangu. Baki nayo."

Fabian naye akaja, mkono ameunyoosha kuelekea kwenye kofia ile. "Basi mzee, na mimi, kwa jani hilohilo..."

"Hili ni la mama. Msamaha hauombwi kwa jani la kuazima."

Fabian akageuka na kushika njia ya kihamba chake, ambacho kinapakana na cha Filemon kwa mstari wa isale. Alikuwa ameshafika kwenye migomba mzee alipomwita.

"Mwalimu!"

"Naam!"

"Kata upande wako!"

Maji yaliingia kwa Filemon Jumatano ile, saa sita mchana. Miche sabini na nne ilipona. Iliyobaki aliing'oa akapanda magimbi. Fabian bado ni mwenyekiti wa mfongo. Ile karatasi aliirudisha maktaba, imechanwa katikati. Stella alichaguliwa katibu. Elinipendo alipewa barua ya onyo kwa kutoa daftari nje, akaitia sahihi, akastaafu mwezi wa sita. Yuko Njoro, anafuga kuku. Navneet alichelewa mwaka mmoja kumaliza tasnifu kwa sababu aliandika sura moja upya. Aliimaliza, na sasa anafundisha Dodoma. Filemon alifariki mwaka uliofuata wakati wa masika, na Fabian alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Msomaji bado yuko maktabani na watu wa Kahe bado wanamwuliza. Madaftari siku hizi yanapigwa picha pamoja na kila kilichomo, na madoa hayafutwi. Ukimuuliza juu ya ukurasa wa arobaini na moja wa daftari la saba, anakwambia kwanza kwamba hapo palikuwa na jani lenye fundo, ndipo anakusomea mstari.

Madaftari mengine yaliyopitiwa na brashi kabla ya hapo ni mia mbili na sita. Majani yaliyotoka humo hakuna aliyeyahesabu.